Kutafuta Chanzo cha Virusi: Dalili na Tiba katika Windows, Mac, Linux na Android

Wateja wengi wanaoleta kompyuta kwa fundi husema neno moja tu, "ina virusi", na wakiulizwa wameona nini hujibu kwamba inastaki. Neno hilo hubebeshwa mambo mengi: diski iliyojaa, feni iliyozibwa na vumbi, kivinjari kilichovamiwa na matangazo, programu inayoiba nywila, na pengine kweli kirusi kinachojinakili kutoka flashi moja hadi nyingine. Mwongozo huu unaanza na kile ambacho mtumiaji anakiona kwa macho yake, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa sababu dalili moja hutibiwa kwa njia tofauti kulingana na mfumo endeshi na mlango ambao uchafu uliingilia. Nimewaandikia zaidi watu wa steshenari, walimu wa maabara za kompyuta na wahudumu wa ofisi ndogo, ambako flashi moja inaweza kupita katika mashine kumi kwa siku.

Kauli za "Mac haipati virusi" na "Linux haiguswi" zimewaponza watu wengi, nami naomba ziwekwe kando kabla ya kuendelea. Mnyoo (programu hasidi inayojisambaza yenyewe) wa Morris, uliotikisa intaneti ya wakati ule mwezi Novemba 1988, ulishambulia mashine za Unix, ukoo uleule ambao Mac na Linux za leo zinarithi mwenendo wake. Kabla ya hapo, mwaka 1982, kirusi cha Elk Cloner kilikuwa kikisambaa kwa diski za kompyuta za Apple II. Windows hushambuliwa zaidi kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mezani na za mpakato; mifumo mingine nayo ina milango yake, na kila mlango una dalili zake.

Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Mwanafunzi mmoja wa chuo alinijia siku moja kabla ya kuwasilisha ripoti yake ya utafiti, akiwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba dawa ni kuifomati flashi. Nilipoichomeka kwenye Windows zilionekana folda tatu zenye majina aliyoyaandika mwenyewe, kila moja ikiwa na mshale mdogo kwenye kona ya ikoni yake na ukubwa wa kilobaiti 2 tu, ilhali flashi yenyewe ilionyesha kuwa gigabaiti 5 zimeshatumika. Nikaichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta ya Linux: folda zake halisi zilikuwepo zote, na kando yake kulikuwa na faili la .vbs, yaani skripti (orodha ya amri ambazo Windows huziendesha), lenye jina la herufi zisizosomeka. Ripoti ilikuwa palepale alipoiweka.

Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti kitu. Huzipa folda sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha hutengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtumiaji akibofya njia hiyo mara mbili, skripti ya kirusi inaendeshwa na papo hapo folda halisi inafunguliwa, kwa hiyo haoni tofauti yoyote na anaendelea na kazi yake huku kompyuta imeshaambukizwa. Aina nyingine huhamishia kila kitu ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, na hapo ndipo mtu huapa kwamba kazi zake zimepotea.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kuitibu flashi kabla ya kuitibu kompyuta. Maadamu programu iitwayo wscript.exe ingali hai ikiendesha skripti ya kirusi, njia za mkato ulizozifuta zitaandikwa upya baada ya muda mfupi. Anza kwa kuchomoa flashi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya Details, ongeza safu ya Command line, kisha uitafute wscript.exe. Safu hiyo itakuonyesha skripti imehifadhiwa wapi, na mara nyingi ni ndani ya folda ya AppData au Temp. Iandike njia hiyo kwenye karatasi, isimamishe programu, halafu ulifute faili lenyewe. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shell:startup`, na uondoe chochote usichokitambua, kisha ukague pia orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Malizia kwa ukaguzi wa Microsoft Defender Offline (Defender ni kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows), ambao huwasha upya kompyuta na kuichunguza kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi hakina nafasi ya kujificha.

Sasa ndipo flashi irudishwe. Ikiwa imepewa herufi E, fungua dirisha la amri na uandike:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Folda zitajitokeza tena. Futa njia za mkato na faili la skripti, nakili kazi zako mahali salama, na hapo ndipo kuifomati flashi kunakuwa na maana.

Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka enzi ambapo kuichomeka flashi tu kulitosha kuambukizwa. Conficker, mnyoo uliotokea mwishoni mwa mwaka 2008, ulisambaa kupitia mtandao na pia kupitia faili la autorun.inf lililojiendesha lenyewe. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililoziba mlango huo kwa flashi kwenye Windows za zamani, na tangu hapo kirusi cha flashi kwa kawaida kinahitaji kidole chako kibofye. Ndiyo maana kinajivika sura ya folda. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi wenye maabara na steshenari wawashe mpangilio wa kuonyesha viendelezi vya majina ya mafaili (herufi za mwisho baada ya nukta) katika kila mashine. Kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilifika kwa baruapepe kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa ikificha herufi za mwisho, watu waliona TXT wakadhani ni barua ya kawaida. Hadi leo Windows huanza ikiwa imeficha viendelezi hivyo.

Mac na Linux haziendeshi faili la .vbs wala njia ya mkato ya Windows, kwa hiyo haziugui kirusi hiki. Hata hivyo zinaweza kukisafirisha: mwenye Mac akinakili flashi nzima na kumpelekea mwenzake, skripti inakwenda pamoja na kazi.

Kompyuta ni nzito na feni inavuma bila kazi

Hapa ninaomba uvumilivu, kwa kuwa mara nyingi hakuna kirusi. Angalia kwanza kama diski imejaa, kama Windows inapakua masasisho, kama diski ya zamani inatoa mlio wa kugongagonga, na kama tundu la feni limezibwa na vumbi. Panga orodha ya Task Manager kwa matumizi ya CPU uone ni programu gani iliyo juu.

Ipo ishara moja inayofaa kujulikana. Baadhi ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa kuiba nguvu za kompyuta yako husimama zenyewe punde tu Task Manager inapofunguliwa, na huendelea inapofungwa. Kaa kimya usikilize: ikiwa feni inavuma, unafungua Task Manager na ndani ya sekunde chache inatulia, unaifunga na dakika moja baadaye inavuma tena, basi una sababu nzuri ya kushuku. Ukaguzi wa Defender Offline nilioutaja hapo juu ndio wa kuanzia, kisha tafuta kazi zilizopangwa ndani ya Task Scheduler ambazo hukuziweka.

Kinga ya Windows imezimwa na haikubali kuwashwa

Ukikuta kompyuta ya nyumbani inasema kwamba kinga yake inasimamiwa na shirika lako, wakati wewe huna shirika lolote, jiulize ni lini mara ya mwisho ulipigiwa (ulisakinishiwa) Windows na ilihalalishwa kwa njia gani. Programu za kukraki (kuvunja kufuli la leseni) Windows na Office humwambia mtumiaji azime Defender kwanza, na vingine huongeza diski nzima ya C kwenye orodha ya sehemu zisizokaguliwa. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya kinga dhidi ya virusi, halafu mipangilio yake, na usome orodha ya Exclusions. Orodha hiyo kwa mtu wa kawaida inapaswa kuwa tupu. Nimekuta kompyuta ambayo Defender ilikuwa imewashwa, ina alama ya kijani, na haikagui kitu kwa sababu C yote ilikuwa imeachwa nje.

Katika hali hiyo mimi hushauri kunakili kazi za mteja na kupiga Windows upya kutoka kwenye faili lililopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Najua gharama ya leseni ni mzigo kwa wengi, na silisemi hili kwa wepesi. Lakini Windows isiyo na leseni, ikiwa safi na inayopokea masasisho, ina usalama kuliko iliyokrakiwa. Wale waliobaki na Windows 10 wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wa Windows 7 ulikoma tangu Januari 2020.

Mafaili hayafunguki na majina yake yameongezewa herufi

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Kata intaneti, chomoa kila flashi na diski ya nje, na usifomati chochote.

Aina inayowapata zaidi watu binafsi ni familia ya STOP, iitwayo pia Djvu, ya virusi vinavyoyafunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia. Huongeza kiendelezi, mara nyingi cha herufi nne, mwishoni mwa kila faili na kuacha barua iitwayo _readme.txt inayodai dola 980, au nusu yake ukilipa ndani ya saa 72. Karibu kila mara chanzo chake ni programu iliyokrakiwa au kifaa cha kuzalisha namba za leseni. Mara nyingi haiji peke yake: huambatana na programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kwa hiyo badilisha nywila zako zote ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya baruapepe.

Kuhusu kuyarudisha mafaili, jibu linategemea ufunguo uliotumika. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure cha kufungulia mwaka 2019 kwa aina 148 za familia hiyo, na kwa aina mpya zaidi kinaweza kusaidia pale ambapo kirusi kilikosa intaneti wakati wa kufunga na kikatumia ufunguo wake wa akiba. Kilipopata intaneti na kutumia ufunguo wa pekee, kwa aina hizo mpya hakuna fundi wa kuufungua, na anayeahidi hivyo kwa malipo ya mbele anakudanganya. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, inakuwezesha kupakia sampuli ya faili ili kutambua aina na kuona kama kifungulio kipo. Yahifadhi mafaili yaliyofungwa kwenye diski nyingine hata kama leo hakuna tiba.

Kwa ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja, hatari ni nyingine. WannaCry, nayo ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza, ilipita kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote, ikitumia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeuziba tangu tarehe 14 Machi. Walioumia ni wale ambao sasisho la karibu miezi miwili nyuma halikuwafikia. Kwetu, ambako bando ni ghali, watu huzima masasisho ili kuokoa megabaiti, na ninawaelewa; afadhali basi kompyuta iunganishwe na mtandao wa kasi siku moja kwa mwezi kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Mac: kivinjari kinaelekeza kwingine, au dirisha linaomba nywila ghafla

Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kilipita kwenye ufa wa Java na kuambukiza Mac zaidi ya 600,000. Tangu hapo Apple wameimarisha kinga, na njia ya kawaida sasa ni kumshawishi mwenye kompyuta afungue mlango mwenyewe. Kwa miaka mingi ulikuwa ujumbe wa kusasisha Flash Player. Flash ilikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo ujumbe wowote wa kuisasisha leo ni mtego.

Ukurasa wa mwanzo ukibadilika na hauwezi kuurudisha, fungua mipangilio ya mfumo utafute sehemu ya wasifu wa usimamizi. Wasifu ambao hukuuweka wewe wala mwajiri wako uondolewe. Kisha kagua viendelezi vya kivinjari, na folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library, ambazo ndizo zinazofufua programu kila unapowasha mashine.

Hila inayonitia wasiwasi zaidi kwa sasa inazigusa Mac na Windows kwa pamoja. Ukurasa wa tovuti unajifanya unathibitisha kwamba wewe ni binadamu, kisha unakuagiza unakili mstari wa amri na kuubandika kwenye Terminal (dirisha la amri la Mac), au ubonyeze kitufe cha Windows na R halafu ubandike. Hakuna kinga ya mfumo inayofanya kazi vizuri pale mwenye mashine anapoandika amri kwa mkono wake. Ikiwa umeshafanya hivyo na baadaye likatokea dirisha la kuomba nywila ya kompyuta, chukulia kwamba nywila zote za kivinjari zimekwenda, ondoka kwenye akaunti zako katika vifaa vyote, na usakinishe mfumo upya.

Linux: sava imelemewa na programu inayofufuka

Kwenye kompyuta ya mezani ya Linux tatizo hili ni nadra. Kwenye sava ni jambo la kawaida kabisa. Mfano unaofundisha ni huu: unaandika `top`, amri ya kuonyesha programu zinazoendeshwa, na kukuta iitwayo kdevtmpfsi imechukua karibu CPU yote. Isome vizuri. Ndani ya kiini cha Linux ipo kazi halali iitwayo kdevtmpfs. Ile yenye herufi i mwishoni ni mchimba sarafu aliyejivika jina la jirani. Ukiiua, inarudi baada ya dakika moja, kwa kuwa programu nyingine iitwayo kinsing inailinda na kazi ya cron (ratiba ya kuendesha amri kwa vipindi) inairudisha.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Soma `crontab -l` kwa kila mtumiaji, hasa yule anayeendesha huduma ya wavuti, na uondoe mstari unaopakua skripti kutoka anwani usiyoijua. Ua kinsing, kisha kdevtmpfsi, kisha ufute mafaili yao ndani ya /tmp na /var/tmp. Kagua `~/.ssh/authorized_keys` kama kuna ufunguo wa mgeni. Baada ya hapo uzibe mlango wenyewe, ambao kwa kawaida ni hifadhidata ya Redis isiyo na nywila au Docker (mfumo wa kuendeshea programu kwenye sava) iliyoachwa wazi kwa intaneti nzima. Mlango usipozibwa, usafi wote huo hautadumu. Na kama programu hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), usihangaike kusafisha. Jenga sava upya.

Ruta na kamera za ulinzi nazo mara nyingi ni Linux. Programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, ilizivamia kwa kujaribu jozi zaidi ya 60 za majina na nywila za kiwandani. Huishi kwenye kumbukumbu tu, kwa hiyo kuzima na kuwasha kunaiondoa, lakini inaweza kurudi ndani ya dakika chache ikiwa nywila ni ileile ya kiwandani.

Android: matangazo yanatokea juu ya kila kitu, bando na salio vinaisha

Washa simu katika hali salama, ambayo kwa simu nyingi hupatikana kwa kushikilia neno la kuzima kwenye skrini. Matangazo yakikoma, chanzo ni programu uliyoisakinisha wewe. Fungua orodha kamili ya programu ndani ya mipangilio, kwa kuwa nyingine hazina ikoni, na kabla ya kuiondoa unayoishuku uivue kwanza mamlaka mawili: ya msimamizi wa kifaa, na ya huduma za ufikivu. Hili la pili ndilo linaloiruhusu programu kusoma skrini na kubofya kwa niaba yako, pamoja na pale unapoandika namba ya siri ya pesa za simu.

Chanzo cha mara kwa mara ni faili la APK (la kusakinishia programu) lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au WhatsApp iliyorekebishwa. Mwaka 2021 Kaspersky walikuta kirusi cha Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, kikiwa na uwezo wa kumwandikisha mtu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Wanaopenda matoleo hayo kwa sababu ya rangi na vipengele vyake wanampa mtu wasiyemjua ruhusa ya kusoma jumbe zao zote.

Ikiwa matangazo yanarudi hata baada ya kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kabla hujasakinisha chochote, uchafu uko ndani ya programu za kiwandani zenyewe. Simu hiyo irudishwe ilikonunuliwa, na isitumike kwa miamala ya fedha.

Kwa iPhone, ujumbe wa kwamba simu ina virusi 13 ni tangazo la ukurasa wa wavuti. Funga ukurasa huo. Kalenda ikijaa vikumbusho vya ajabu, ondoa kalenda uliyojiunga nayo bila kujua.

Kuhakiki kwamba mashine imepona

Windows iliyosafishwa isirudishwe kazini kwa kuangalia alama ya kijani peke yake. Chukua flashi iliyofomatiwa, ichomeke, tengeneza folda moja ndani yake na uiache kwa dakika kumi. Iwashe upya kompyuta flashi ikiwa humohumo, subiri tena, kisha uichomoe na kuifungua kwenye Linux, ukiwa umewasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Ukiikuta folda yako na ile ya System Volume Information ambayo Windows huiweka yenyewe, kirusi cha flashi kimeondoka. Ukikuta kitu cha tatu, rudi kwenye Task Manager.